Amri, Nasaha, Mazungumzo: Kiswahili na Historia ya Tiba ya Sonona kwa Wagonjwa wa Saratani katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba ya mazungumzo kwa watu wenye saratani wanaopatwa na sonona, yakiitazama historia hiyo kutoka mpaka wa Uganda na Kenya katika maeneo ya Busia, Busitema na Tororo. Hoja inayojengwa ni kwamba tiba hii, ambayo chombo chake pekee ni lugha, imepitia ngazi tatu za mahusiano kati ya mganga na mgonjwa: ngazi ya amri, ngazi ya nasaha na ngazi ya mazungumzo. Kila ngazi ilikuwa na jibu lake kwa swali moja: nani ana haki ya kusema? Makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kilifika katika mpaka huu kikiwa lugha ya amri na ya biashara, kikapata msamiati wa nasaha wakati wa janga la UKIMWI, na sasa kinadaiwa kuwa lugha ya mazungumzo ya uponyaji. Inahitimishwa kwamba kutafsiri hojaji na miongozo ya tiba hakutoshi iwapo maneno yanayotumika hayatatokana na namna wagonjwa wenyewe wanavyoitaja huzuni yao.

Istilahi muhimu: sonona, saratani, tiba ya mazungumzo, ushauri nasaha, mpaka wa Busia

1.0 Utangulizi

Busitema iko katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kuelekea Tororo na Malaba. Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa mwaka 2007 kina makao yake makuu hapo, kina kampasi Nagongera katika Wilaya ya Tororo, na kitivo chake cha sayansi za afya kiko Mbale. Eneo hili lote lina sifa moja inayomhusu mtafiti wa lugha: ni eneo la watu waliogawanywa na mstari. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na tangu hapo Wasamia na Wateso wanapatikana pande zote mbili za mpaka. Pamoja nao wako Jopadhola wa Tororo, Wanyole na jamii nyingine za karibu. Katika soko la Busia, Lusamia, Kiteso, Dholuo, Luganda na Kiswahili husikika kabla jua halijawa kali.

Mgonjwa wa saratani anayetoka katika eneo hili husafiri, na kila kituo cha safari yake kina lugha yake. Ugonjwa ukizidi uwezo wa hospitali za karibu, mgonjwa wa upande wa Uganda huelekea Mbale, kisha Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Mgonjwa wa upande wa Kenya huelekea Kisumu, Eldoret au Nairobi. Nyumbani ameugua kwa Lusamia au Dhopadhola. Wodini huenda akahojiwa kwa Luganda, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Jeraha, uvimbe na kipimo cha damu havihitaji tafsiri kubwa ili vionekane. Sonona, kwa upande wake, haionekani pasipo maneno.

Sonona inayozungumziwa hapa si huzuni ya kawaida inayomjia kila mtu aliyepewa habari nzito. Ni hali ya kukosa furaha na hamu inayodumu kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na dalili kama kukosa usingizi, uchovu, kujiona hufai, na wakati mwingine kutamani kufa. Kwa mgonjwa wa saratani hali hii huongeza mateso, hudhoofisha nia ya kuendelea na matibabu na kuwatenga naye wale wanaomuuguza. Inatibika. Mojawapo ya njia za kuitibu ni mazungumzo yenye utaratibu kati ya mgonjwa, au kundi la wagonjwa, na mtu aliyefunzwa kuyaongoza.

2.0 Majina ya Ugonjwa na Majina ya Huzuni

Historia ya tiba hii haiwezi kutenganishwa na historia ya maneno yake. Neno saratani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kaa, mnyama wa baharini. Wanafalaki wa pwani walilijua pia kama jina la buruji. Wayunani na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na kutokana na Kirumi hicho, kwa njia ya Kiingereza, tukapata neno la pili, kansa. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaposema saratani na anaposema kansa, anamtaja kaa yuleyule aliyefika kwa njia mbili tofauti.

Majina ya huzuni yana historia yenye matawi mengi zaidi. Kiswahili kina huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa na uchungu, na kila moja lina kivuli chake cha maana. Istilahi za kitabibu zimechagua njia tofauti kutoka nchi hadi nchi. Katika maandishi ya afya ya Tanzania neno sonona limeenea. Nchini Kenya hutumika pia unyogovu na mfadhaiko, na vyombo vya habari vya pande zote hupenda msongo wa mawazo. Istilahi sonona ina faida ya kuwa na mzizi ulio hai: kusonona ni kuumiza, na kusononeka ni kuwa katika maumivu ya moyo. Mzee asiyejua istilahi yoyote ya hospitali anaweza kusema kwamba amesononeka, na akaeleweka.

Hata hivyo, kauli ambayo wasemaji wengi huitumia zaidi ya hizo zote si istilahi. Ni sentensi fupi: ana mawazo. Mgeni wa lugha anaweza kudhani kwamba mtu huyo ana fikra nzuri za kuchangia mkutanoni, ilhali msemaji anamaanisha kwamba mwenziwe amelemewa. Wazo la kufikiri kupita kiasi kama jina la mateso ya moyo limeenea mno Afrika. Nchini Zimbabwe, neno la Kishona kufungisisa lina maana hiyohiyo, na ndilo lililowekwa katikati ya mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambamo wanawake wazee wa mtaa waliketi na wagonjwa na kuwasikiliza. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Dhopadhola ya Tororo, huyagawa mateso haya kwa majina kama two tam, par na kumu. Msamiati wa sonona, basi, ulikuwepo kabla ya hospitali kuuhitaji. Ilichukua muda mrefu hospitali kuukubali.

3.0 Ngazi ya Amri

Sababu moja ya kuchelewa huko ni imani iliyotawala tiba ya kikoloni kwamba Mwafrika hapatwi na sonona kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Mtetezi wake mashuhuri katika Afrika Mashariki alikuwa J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Katika kitabu alichoandikia Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa mwaka 1953, alidai kwamba sonona ilikuwa adimu miongoni mwa Waafrika, na akaeleza hali hiyo kwa hoja za utamaduni na maumbile ya ubongo ambazo wataalamu wa baadaye walizikataa. Kosa la msingi lilikuwa la kimbinu. Waliofikishwa Mathari wakati huo walikuwa hasa wale waliovuruga utulivu wa umma. Mtu aliyesononeka hakuvuruga utulivu wa mtu. Alikaa nyumbani, akanyamaza, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kwa lugha yake, akahesabiwa kuwa hayupo.

Utafiti uliofanywa vijijini ulipindua dai hilo. John Orley, daktari aliyefanya kazi Buganda na kuandika kitabu juu ya utamaduni na magonjwa ya akili nchini Uganda mwaka 1970, alishirikiana na John Wing kuwahoji wanavijiji, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa wanawake wa vijiji viwili vya Uganda kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Waliokuwa hawapo walipatikana mara tu walipofuatwa nyumbani na kuulizwa.

Ni lazima kukumbuka Kiswahili kilikuwa wapi katika kipindi hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana William Gowers alikipigia debe kama lugha ya elimu na utawala nchini Uganda, naye Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi mwaka 1929. Kiswahili kikabaki lugha ya jeshi, ya polisi, ya wafanyakazi wa reli iliyopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na ya biashara ya mpakani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa Waganda wengi jambo hilo lilikifunga zaidi na sauti ya mwenye bunduki. Wanahistoria wa sera ya lugha nchini Uganda wameliandika jambo hili mara nyingi wanapoeleza kwa nini Kiswahili kilikawia kupendwa. Katika Busia na Tororo hali ilikuwa na sura ya pili, kwa sababu Kiswahili cha huko kilikuwa pia cha soko, cha ujirani na cha ndoa za kuvuka mpaka. Lakini kumbukumbu ya amri haikukosekana hata huko. Mtu aliyezoea kuambiwa kaa, simama na toa kitambulisho kwa lugha fulani hawezi kulaumiwa akisita kulia kwa lugha hiyohiyo.

4.0 Ngazi ya Nasaha

Tiba ya kisasa ya saratani nchini Uganda ina historia ya heshima. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kilifunguliwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, na hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Amin, daktari Mganda Charles Olweny aliiendeleza kazi hiyo katika mazingira magumu. Katika miongo hiyo, hata hivyo, jitihada zilielekezwa kwenye uvimbe. Moyo wa mgonjwa ulikuwa kazi ya ndugu na ya watu wa dini.

Hali ilikuwa hivyo hata katika nchi tajiri. Taaluma inayoshughulikia akili na hisia za wagonjwa wa saratani ilianza kupata umbo katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya daktari Jimmie Holland. Kabla ya hapo, madaktari wengi wa Marekani walikuwa wakiwaficha wagonjwa hata jina la ugonjwa wao. Nchini Uingereza, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne zisizotenganishwa: mwili, nafsi, jamii na imani.

Mafundisho hayo yalifika Afrika Mashariki kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa hospisi. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospisi ya Afrika nchini Uganda, iliyosambaza mofini ya maji ya kunywa kwa bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo. Hatua hii ina uzito katika hoja ya makala haya: mtu aliyejaa maumivu ya mwili hawezi kuzungumza. Mofini ilirudisha sauti kabla ya mtu yeyote kuuliza sauti hiyo ina la kusema nini.

Mlango wa pili ulikuwa UKIMWI. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia walioambukizwa, ambalo kituo chake cha Tororo kikawa miongoni mwa vituo vyake vinavyojulikana sana. Kwa miaka mingi dawa za kupunguza makali hazikuwapo, na kilichoweza kutolewa kwa wingi kilikuwa maneno: kumpokea mtu, kumsikiliza, kumwambia ukweli, kumsaidia kupanga mambo ya watoto wake. Kwa kuwa saratani ya Kaposi ilikuwa mojawapo ya sura za UKIMWI, wako waliokutana kwa mara ya kwanza na huduma ya mazungumzo wakiwa na magonjwa yote mawili.

Ni katika enzi hii ambapo Kiswahili cha Afrika Mashariki kilieneza istilahi ushauri nasaha. Istilahi hii ilifanya kazi kubwa na inastahili heshima. Hata hivyo muundo wake unafichua mahusiano yaliyomo. Ushauri na nasaha ni maneno yanayohama kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua. Kisarufi, kitenzi kushauri huchukua yambwa kama kuamuru: mshauri anamshauri mgonjwa, afisa anamwamuru raia. Mgonjwa hushauriwa na kunasihiwa, na nafasi yake katika sentensi ni ya mpokeaji. Nasaha ni laini kuliko amri, lakini bado mwenye kusema ni mmoja.

5.0 Ngazi ya Mazungumzo

Kitenzi kuzungumza kina tabia nyingine. Hakimchukui mtu kama yambwa. Kinamhitaji kama mwenzi, kwa kiunganishi na: muuguzi anazungumza na mgonjwa. Tukilazimisha yambwa kwa kauli ya kutendea, maana hugeuka: kumzungumzia mgonjwa ni kusema habari zake, mara nyingi akiwa hapo hapo anasikia. Anayefahamu wodi zetu anajua jinsi ndugu na wahudumu wanavyoweza kumzungumzia mgonjwa wa saratani kutwa nzima bila kuzungumza naye hata mara moja. Aidha, katika kamusi za zamani mazungumzo yana maana ya kupitisha wakati pamoja kwa kupendezana, maana ambayo istilahi ya kitabibu haijaitumia bado.

Mabadiliko kutoka nasaha kwenda mazungumzo yalipata ushahidi wake mkubwa wa kwanza nchini Uganda mwaka 2002. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walifanya jaribio katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, 15 kwa wanaume na 15 kwa wanawake. Kabla ya kuleta tiba, waliwauliza wenyeji wanaitaje hali yenyewe. Wenyeji walitaja hali mbili kwa Luganda, yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia, na dalili walizozieleza zilikaribiana sana na zile za sonona. Tiba iliyotumika ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na huitazama sonona kupitia mahusiano ya mtu: kufiwa, ugomvi na walio karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Vikundi viliongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo ya muda mfupi, vikakutana kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2003 yalionyesha kwamba alama za sonona zilipungua kwa wastani wa 17.47 katika vijiji vilivyopata tiba, na kwa 3.55 tu katika vile ambavyo havikupata.

Mambo mawili yanahitaji kusisitizwa. La kwanza, vikundi hivyo havikuwa vya wagonjwa wa saratani, na haifai kuhamisha takwimu zake moja kwa moja. La pili, tiba hii si dawa inayomfaa kila mtu kwa kipimo kimoja. Tiba hiyohiyo ilipopelekwa kwa vijana wa kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha nafuu ya wazi kwa wasichana kuliko kwa wavulana. Kualikwa kusema si sawa na kuweza kusema. Mvulana aliyelelewa kuamini kwamba mwanamume halii anahitaji mlango wake wa kuingilia.

Kuhusu saratani yenyewe, ushahidi wa dunia umepitia matumaini na masahihisho. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana katika vikundi vya mazungumzo waliishi muda mrefu zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2001, haukuthibitisha kurefuka kwa maisha, bali ulithibitisha kwamba vikundi hivyo vilipunguza dhiki ya moyo na hisia ya maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa wa saratani isiyopona yalionyesha kuwa tiba ya mazungumzo hupunguza dalili za sonona, ingawa hayakupata majaribio yaliyowahusu hasa wale waliothibitishwa na daktari kuwa na ugonjwa huo. Mwaka 2014 jaribio la Scotland lililochanganya msaada wa wauguzi wa saratani, utatuzi wa matatizo kwa mazungumzo na dawa za sonona lilitoa picha ya wazi: asilimia 62 ya wagonjwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 17 ya waliopata huduma ya kawaida. Masaka na Scotland ni mbali, lakini zinakubaliana kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri na watu wasio madaktari wa akili, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa. Kwa wilaya za mpakani, ambako daktari wa akili ni adimu, hoja hiyo ina thamani kubwa.

6.0 Mgonjwa wa Mpakani na Swali Lake

Kiswahili kiliingia rasmi katika historia hii mwaka 2006, watafiti wa Kenya na Marekani walipochapisha tafsiri ya Kiswahili ya hojaji ya sonona iitwayo PHQ-9 na uthibitisho wake miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nchini Kenya. Uchaguzi wa wagonjwa hao una maana kubwa. Saratani ya ulimi, ya koo au ya taya humnyang'anya mtu uso aliouzoea na wakati mwingine sauti yenyewe. Waliokuwa wa kwanza kuulizwa kwa Kiswahili, kwa chombo kilichopimwa, kuhusu sonona ya saratani walikuwa wale ambao ugonjwa unatishia kuwanyamazisha kwa maana halisi.

Hojaji hiyo ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Manne kati ya maswali hayo yanahusu usingizi, uchovu, chakula na uzito au wepesi wa mwendo wa mwili. Kwa mgonjwa wa saratani, yote manne yanaweza kujibiwa na uvimbe au na dawa kali anazopewa. Kwa hiyo mzigo wa kutambua sonona huangukia zaidi maswali yanayobaki, yanayouliza juu ya hamu, huzuni, kujiona hufai na kutamani kufa. Hayo ndiyo maswali yanayotegemea zaidi uteuzi wa maneno. Mwanamke wa Tororo akiulizwa kwa istilahi asiyoijua, atajibu hapana kwa adabu. Akiulizwa kama ana mawazo, huenda akajibu ndiyo, lakini mhojaji asiyejua uzito wa neno hilo ataliandika kama wasiwasi mdogo. Katika hali zote mbili mgonjwa atarudi nyumbani na alama ndogo na moyo mzito.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2016. Mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago tangu miaka ya 1990, iliharibika kabisa, na mashine mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Katika kipindi hicho hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 kutoka Uganda. Barabara zinazounganisha Kampala na Nairobi hupita Busia na Malaba. Mpaka uliokuwa wa mahindi, samaki na malori ukawa pia mpaka wa kutafuta uhai. Mazungumzo ya umma yalihusu mashine, fedha na usafiri, kama ilivyostahili. Swali la lugha gani mgonjwa huyo angeitumia kusema kwamba amechoka kuishi halikupata nafasi. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa rasmi Busia ili mizigo isikaguliwe mara mbili. Huduma za afya za pande mbili hazijapata bado utaratibu kama huo wa maneno.

Mazingira ya kisera sasa ni mazuri kuliko wakati wowote. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa tiba ya vikundi uliojengwa juu ya mbinu iliyojaribiwa Masaka na Rakai. Hatari iliyopo ni kwamba Kiswahili kitaletwa wodini kutoka darasani kikiwa na istilahi sanifu na bila masikio. Kingekuwa hivyo, kingerudia mwendo wa amri kwa sauti ya upole.

Akiba ya kuepuka hatari hiyo imo ndani ya lugha. Kiswahili kina pole, neno linalotolewa kwa kila aliyeumia bila kumlazimisha aeleze chochote, na ambalo huweza kuufungua mlango wa mazungumzo kuliko swali lolote la hojaji. Kina kuliwaza na kufariji, vitenzi vya kazi ambayo wazee wa pande zote za mpaka wanaifanya kwa lugha zao. Kina methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, ingawa mtumiaji wake anapaswa kuwa mwangalifu: katika wodi ya saratani methali hiyo inaweza kumwalika mtu kusema, na inaweza kumtisha hadi akanyamaza. Mwongozaji wa kundi anayejua tofauti hiyo amejifunza nusu ya kazi yake.

7.0 Hitimisho

Ngazi tatu zilizojadiliwa hazikufuatana kwa usafi, na katika hospitali moja zinaweza kupatikana zote kwa siku moja. Hata hivyo zinaonyesha mwelekeo. Tiba ya kikoloni ilikana sonona ya Mwafrika kwa sababu haikumuuliza. Enzi ya UKIMWI na ya hospisi ilimkaribisha mgonjwa na kumpa nasaha. Majaribio ya Masaka na Rakai yalianza kwa kumuuliza anaitaje hali yake, kisha yakamwachia sehemu kubwa ya kusema. Kiswahili kimekuwepo katika safari yote hiyo, lakini kwa muda mrefu kilikuwa upande wa anayeamuru au anayeshauri.

Kazi mahususi inawangoja wanaisimu na wahudumu wa afya wa eneo hili. Kabla ya kuenezwa kwa hojaji na miongozo ya Kiswahili katika vituo vya Busia na Tororo, ikusanywe kwanza orodha ya maneno ambayo wagonjwa wa saratani na wauguzi wao wa nyumbani hutumia kuitaja sonona kwa Lusamia, Kiteso, Dhopadhola, Lunyole na Kiswahili cha mpakani, kama ilivyofanywa kwa Luganda kabla ya jaribio la mwaka 2002. Pale mgonjwa anapokuwa huru zaidi katika lugha ya mama, aachwe aitumie, na Kiswahili kiwe daraja kati ya wahudumu wa pande mbili. Pale yeye mwenyewe anapochagua Kiswahili, pengine kwa sababu anaona haya kuyasema hayo kwa lugha ya wazazi wake, akikute kimejiandaa kumsikiliza. Vyuo vya pande zote mbili za mpaka vina walimu wa lugha na walimu wa tiba. Orodha hiyo inaweza kuanza kukusanywa na watu wa fani hizo mbili wakiwa katika chumba kimoja na wagonjwa.